Karatasi mbili za fundi: kisa cha selimundu Musoma

Fundi alinifuata nyumbani Jumapili mchana na bahasha ya kaki yenye alama za vidole vya grisi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mtoto wake wa tatu, msichana wa mwaka mmoja na miezi minne: himoglobini S asilimia 88.1, F asilimia 9.2, A2 asilimia 2.7, A, ile ya kawaida, hakuna. Chini mtaalamu wa maabara alikuwa ameandika kwa kalamu herufi mbili, SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu. Karatasi ya pili ni ya fundi mwenyewe, imetoka zahanati ya mtaani, na ilikuwa na mstari mmoja tu: kipimo cha siko seli, jina jingine la selimundu, hasi.

“Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Nisomee. Mtoto ni wangu au si wangu?”

Nilimwambia kabla hajakaa kwamba mimi ni mwalimu wa Baiolojia, si daktari. Lakini swali lake halikuwa la dawa. Lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo ninayoiandika ubaoni kila mwaka kwa Kidato cha Nne. Naieleza hapa hatua kwa hatua kwa idhini ya wenyewe. Majina nimeyaacha, na mambo mawili matatu yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadili.

Mtoto alizaliwa salama, kilo tatu na robo, na hadi mwezi wa saba kadi yake ya kliniki haina doa. Mwezi wa nane viganja na nyayo vikavimba, akalia usiku kucha. Alitibiwa malaria mara mbili. Alipotimiza mwaka na miezi miwili macho yakawa ya manjano, damu ikapungua, akalazwa. Daktari wa zamu alifanya jambo moja dogo ambalo bila hilo kisa hiki kisingeeleweka: alichukua damu ya kupima aina ya himoglobini kabla ya kumwongezea mtoto damu. Angeichukua baadaye, kipimo kingesoma na damu ya mchangiaji, A ingeonekana, na karatasi ingedanganya.

Kwa nini miezi saba ya kwanza ilikuwa kimya? Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ile F, ambayo haina kasoro ya selimundu hata kwa mtoto mwenye SS. Inapopungua na ile ya ukubwani kushika nafasi yake, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Mtaani wanasema mtoto “kaupata” ugonjwa akiwa na miezi minane. Alikuwa nao tangu siku mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama.

Mama alipimwa hospitali hiyo hiyo, akaonekana AS, yaani amebeba kasoro hiyo upande mmoja bila kuumwa. Kwa mama mkwe wake ushahidi ukawa umekamilika: ugonjwa umetoka kwao. Fundi naye aliambiwa apime, ila badala ya kurudi hospitali akaingia zahanati iliyo karibu na gereji, akatoka na ile “hasi”. Kijiweni kulikuwa na jamaa aliyemaliza sekondari. Akasikiliza, akafikiri, akasema: “SS inatoka pande zote mbili. Kama wewe huna, baba wa mtoto ni mwingine.” Wiki haikuisha, mke akarudi kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Watoto wakubwa wawili wakabaki kwa bibi.

Yule jamaa wa kijiweni watu wamemlaumu sana baadaye, nami nataka kumtetea kidogo. Kanuni aliyoitaja ni sahihi. Alichokosea ni kuamini kwamba karatasi zote mbili zina uzito sawa.

Twende kwenye kanuni yenyewe. Kila seli ya mwili yenye kiini ina kromosomu 46, zimepangwa jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayoelekeza namna ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuifanya damu iwe nyekundu. Kwa kuwa kromosomu ya 11 ziko mbili, maelekezo hayo kila mtu anayo mara mbili. Ukirithi nakala mbili za kawaida tunaandika AA. Nakala moja ikiwa na ile kasoro tunaandika AS. Zote mbili zikiwa nayo, SS.

Kasoro yenyewe ukiitazama kwa karibu inashangaza kwa udogo wake. Ni herufi moja ya DNA: palipotakiwa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Mnyororo wa beta una amino asidi 146, vile vipande vinavyoungana kujenga protini, na kwa kosa hilo ile ya sita, asidi ya glutamiki, imeipisha valini. Zilizobaki 145 ni zile zile. Lakini valini hiyo inafanya molekuli zinapokosa oksijeni zishikane, zijipange kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ziipinde seli nyekundu hadi ifanane na mundu. Seli ya kawaida huishi siku kama 120. Hizi zilizopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano. Kabla ya kuvunjika hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka, pamoja na ule uvimbe wa viganja uliotibiwa kama malaria.

Mwenye AS naye hutengeneza himoglobini S, kwa kawaida chini kidogo ya nusu ya himoglobini yake yote. Nakala yake moja nzuri inatosha kumfanya aishi, afanye kazi, acheze mpira na azae bila kujua ana nini. Fundi anainua injini ya pikipiki peke yake. Kumtazama hakukuambii kitu.

Jambo linalojificha kwa mzazi na kujitokeza kwa mtoto limewasumbua watu miaka mingi, na aliyelipatia hesabu ni mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno. Alichanganya mmea wa mbegu za duara na wa mbegu zilizokunyata. Watoto wote wakatoka duara, kana kwamba kukunyata kumekufa. Akawaacha watoto hao wazae wenyewe kwa wenyewe, akakaa chini kuhesabu: mbegu 7,324, duara 5,474, zilizokunyata 1,850. Karibu tatu kwa moja. Kilichodhaniwa kimekufa kilikuwa kimekaa ndani kimya kizazi kizima. Alisoma matokeo yake mbele ya wenzake mwaka 1865, wakamsikiliza kwa adabu, basi. Alikufa mwaka 1884, miaka 16 kabla dunia haijagundua alichokuwa anasema.

Hapa lugha yetu inatuangusha kidogo. Tunasema mtoto “kachukua kwa baba” au “kachukua kwa mama”, kana kwamba ni upande mmoja tu unaotoa. Tunasema damu ya ukoo fulani ni kali. Tunapiga picha ya vikombe viwili vya chai vinavyomiminwa ndani ya kimoja. Kumbe mtoto hachukui mchanganyiko. Anachukua nakala nzima moja kwa huyu na nakala nzima moja kwa yule, na nakala hizo hazichafuani. S iliyokaa na A kwa miaka thelathini mwilini mwa fundi hutoka vilevile ilivyoingia.

(Shuleni mada hii tunaifundisha kwa Kiingereza. Nina wanafunzi wanaochora jedwali la miraba minne huku wamefumba macho, lakini ukimwambia mmoja amweleze mama yake nyumbani anabaki anatabasamu. Yule jamaa wa kijiweni nadhani ni mmoja wao aliyekua.)

Sasa karatasi mbili. Mtoto ni SS, kwa hiyo S moja ametoa mama, na mama tunajua ni AS. S ya pili lazima imetoka kwa baba. Kama karatasi ya baba inasema hana, basi kuna kitu hakiko sawa, na kazi ya mwenye akili ni kujiuliza ni kipi, akianzia na kilicho rahisi kukosewa. Huenda karatasi ya mtoto imekosea, labda sampuli zimebadilishana. Huenda ya baba imekosea. Huenda baba hana S ila ana kasoro nyingine ya jeni hiyo hiyo, talasemia ya beta. Mtoto anayerithi S kwa mama na talasemia ya aina kali kwa baba huweza kutoa karatasi inayofanana sana na SS. Huenda kosa jipya la DNA lilitokea kwenye mbegu ya baba, jambo linalowezekana ila ni adimu mno. Na ndiyo, huenda baba ni mwingine. Fundi alikuwa ameruka manne na kutua kwenye la mwisho.

Nikamuuliza alipimwaje. Akasema alichomwa kidole, tone likawekwa kwenye kioo, yule bwana akachanganya na maji maji fulani, akatazama kwenye hadubini, wakati huo huo akiongea na simu. Dakika kama kumi, akapewa karatasi.

Hicho ndicho kipimo cha zamani cha kioo. Damu huchanganywa na kemikali, sodiamu metabaisalfaiti, inayonyonya oksijeni, kisha unasubiri kuona kama seli zinapinda. Kemikali hiyo hutakiwa ichanganywe mpya. Ikikaa inaharibika, hainyonyi oksijeni, na seli za mwenye AS zinabaki duara zikikutazama. Ukiharakisha kusoma ni yale yale. Na hata kikifanywa vizuri, kipimo hicho hakitofautishi AS na SS, kwa sababu seli za wote wawili hupinda. Kuvunja nyumba kwa kipimo hicho ni sawa na kuuza pikipiki kwa sababu taa ya mafuta imewaka. Fundi alicheka hapo kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameshaazimia kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupima vinasaba. Nikamwambia huko hawaingii tu kama dukani. Tangu sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu maombi hupitia kwa watu na vyombo vilivyotajwa, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Anza na kilicho karibu. Rudi hospitali, wapime himoglobini yako kwa mashine. Kisha nikamwomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mama yake.

Bibi nilimkuta kando ya ziwa, anageuza dagaa juu ya nyavu. Alijua kilichonileta. “Mwanangu mwalimu,” akaanza, “kwenye ukoo wetu ugonjwa huo haujawahi kuwapo. Uliza yeyote.” Sikubishana. Nilimuuliza tu alizaa wangapi.

“Saba.”

“Wako wapi?”

Watano wako hai. Wawili walikufa wadogo, mmoja hajatembea, mwingine anaanza kuongea. Nikamuuliza walikufa na nini. Homa, akasema, zile homa za wakati ule. Akanyamaza, akachambua dagaa wachache, kisha akakunja vidole vyake vya mkono wa kushoto vikawa kama ngumi nono. “Walikuwa wanavimba hivi. Mikono na miguu. Tulimpeleka yule wa pili kwa mganga hadi ng'ambo, akasema kuna mtu kamtazama.”

Hakusema zaidi, nami sikusema. Nadhani aliliona kabla yangu.

Ndiyo maana ukoo mzima unaweza kuapa kwamba haujawahi kuwa na selimundu na usiwe unasema uongo. Wenye SS walikufa kabla ugonjwa haujapewa jina nyumbani, na wenye AS hawakuumwa. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni “homa”. Siwezi kuapa kwamba watoto wale wawili walikuwa SS, damu yao haipo ya kupimwa. Lakini uvimbe wa viganja vyote na nyayo kwa mtoto mchanga, mara kwa mara, ni dalili ambayo ukiwa ukanda wa ziwa huipuuzi.

Na ikiwa walikuwa SS, basi bibi na marehemu mumewe wote walikuwa AS, na hapo hesabu ya fundi inabadilika kabisa. Chora jedwali, lile tunalolipa jina la Reginald Punnett wa Cambridge. Juu A na S za baba, pembeni A na S za mama. Miraba minne inatoa AA, AS, AS, SS. Fundi ni mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo mraba wa SS tunaufuta. Imebaki mitatu, na miwili kati yake ni AS. Maana yake kabla hajatoa hata tone la damu, uwezekano wa fundi kuwa AS ulikuwa mbili ya tatu. Wanafunzi wangu karibu wote hapa hujibu nusu, kwa sababu wanasahau kwamba mraba mmoja umeshafutwa na uhai wa mtu mwenyewe. Ile karatasi ya zahanati ilikuwa inabishana na uwezekano mkubwa hivyo, ikiwa na silaha ya tone moja kwenye kioo.

Majibu ya mashine yalitoka Alhamisi. A asilimia 59.3, S asilimia 37.2, A2 asilimia 3.0, F asilimia 0.5. Fundi ni AS. Wale watoto wakubwa nao walipimwa siku hiyo: wa kwanza AS, wa pili AA.

Je, hiyo inathibitisha kwamba mtoto ni wake? Aliniuliza hivyo hivyo, na sikutaka kumdanganya kwa sababu tu habari ilikuwa nzuri. Haithibitishi. Inaondoa sababu ya kumshuku mkewe. Shaka nzima ilisimama juu ya “hasi” ile, na “hasi” imeanguka. AS ni wengi mno mjini hapa kuweza kumtambulisha baba wa mtu.

Wengi kiasi gani? Hapa kuna jambo ambalo watu wa Musoma wangepaswa kulijua kuliko mtu yeyote, maana ni damu ya wazee wao. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuja na msafara wa Oxford kwenda Mlima Kenya mwaka 1949, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 kwa kila 100 wana AS, ilhali nyanda za juu zenye baridi hawafiki mmoja. Akajiuliza kuna nini pwani na ziwani kisichokuwa milimani. Mbu. Mwaka 1954 alichapisha kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Na takwimu alizochapisha mwaka 1956 zilitoka hapa kwetu, eneo la Musoma: watoto wachanga 287, kati yao AA 189, AS 89, SS 9, watu wazima 654, AA 400, AS 249, SS 5.

Zitazame pole pole. Kwa wachanga AS ni asilimia 31. Kwa wazima ni asilimia 38. SS wameshuka kutoka asilimia 3 hadi chini ya 1. Hakuna mtu anayebadilika herufi akikua, kwa hiyo tofauti hiyo ni makaburi. Wenye SS waliuawa na selimundu, wenye AA baadhi yao waliuawa na malaria, na wenye AS wakabaki wakiongezeka kwa uwiano. Kila kizazi malaria ilikuwa inailinda S isipotee, na kila kizazi S ilikuwa inadai watoto wake. Ukichukua asilimia hizo 38, ndoa moja kati ya saba ilikuwa inakutanisha AS na AS bila mtu kujua. Nilipomsomea bibi, alitaka kujua kama walipima na upande wa wazee wake. Sikuweza kumjibu, karatasi ya Allison haina majina. Nadhani neno “ukoo wetu” halikutoka tena mdomoni mwake baada ya siku hiyo.

Fundi yeye alitulia, na kutulia kwake kukazaa kosa jingine. “Kwa hiyo ni mmoja kati ya wanne. Wetu tumeshampata. Tukizaa mwingine yuko salama.”

Kosa hili nimelisikia kwa watu wenye digrii. Nilimwomba sarafu mbili za shilingi mia. Upande wa Mwalimu Nyerere ni A, upande wa swala ni S. Moja ni mama, moja ni baba. Tukaondoa spana mezani, akarusha mara 40, mimi nahesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Mrusho wa sita ukatoka swala na swala. Wa saba, swala na swala. Akasita mkono ukiwa hewani, akatazama sarafu kama zimemtukana. Mwisho tulikuwa na AA 9, AS 19, SS 12. Sarafu haikumbuki ilichotoa. Yai halina daftari la kuandika kwamba dada mtu ameshapewa SS. Kila mimba, moja ya nne, upya.

Nikamwonyesha na hesabu ya upande wa pili: wazazi wawili AS wenye watoto watatu, uwezekano wa kukosa SS kabisa ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kwa 64, asilimia 42. Ndiyo maana nyumba nyingi za AS na AS zina watoto wazima watupu na hazijui. Na kuna nyumba ina SS wawili mfululizo, majirani wakatafuta mchawi. Kuhusu kuzaa tena au kuacha, nilimwambia hilo wataamua yeye na mkewe pamoja na mtaalamu wa kliniki, mimi sina kauli hapo.

Katika haya yote mtu aliyeulizwa kidogo kuliko wote ni mama wa mtoto. Alikuwa kwao, anampa mtoto folik asidi na penisilini kila siku, anamnywesha maji ya kutosha, anamlaza ndani ya chandarua, na kila akitaka kusema anaambiwa asubiri wakubwa waongee. Mumewe alipompigia simu kusema arudi, alikataa. Alisema hakufukuzwa kwa simu. Waje na karatasi, isomwe mbele ya wale wale waliosikia ameitwa mwenye ugonjwa na baadaye mwenye mume wa pembeni.

Tukaenda: fundi, bibi, shangazi mmoja na mimi. Baba yake binti, mzee mstaafu wa bandarini, alitukaribisha vizuri na hakutabasamu. Fundi alisoma karatasi yake mwenyewe, sauti ikimkwama kwenye asilimia. Bibi akasema, “Mkwe wangu, nilikosea,” akaongeza habari za wale watoto wawili, jambo ambalo hakuna aliyemwomba aseme. Mimi nikachora jedwali kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Mzee alilitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka yangu yote darasani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

“Mwalimu. Mjukuu wangu ana herufi mbili. Wazazi wake wana nne. Sisi babu na bibi tuko wanne, tuna nane. Hizo nyingine zinakwenda wapi?”

Nikamwambia zile ambazo hazikupita kwa mtoto huyu zinaweza kuwa zimepita kwa ndugu zake, au kwa watoto wa baba wadogo na shangazi. Zisizopita kwa yeyote zinaishia kwa mwenyewe.

“Kwa hiyo hii S yake moja imetoka kwangu au kwa mke wangu.”

“Kwa mmoja wenu, mzee.”

“Na hujui yupi.”

“Hadi mpimwe.”

Akamwita mkewe kutoka jikoni, akamwambia kesho wavae mapema, wanakwenda hospitali. Binti yao alikuwa ameshaanza kufunga chupa za dawa kwenye kitambaa, moja moja, vizibo akivikaza tena kabla ya kuviingiza kwenye begi.